Video za zamani kwenye deki ya DVD: chungulia ndani ya faili kabla ya kuibana upya

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina video za familia za miaka mingi kwenye kompyuta: AVI za DivX, faili za .DAT zilizotoka kwenye VCD, saa kadhaa za kanda za kamera, na vipande vya 3GP vya simu za zamani. Wazazi wangu wanataka kuzitazama kwa deki ya DVD na rimoti, kompyuta hawaitaki. Nilitumia programu ya kubofya mara moja. Diski ya kwanza deki iliikataa kabisa. Ya pili ilicheza, lakini nyuso zote zimenenepa. Ya tatu sauti ilianza sawa, mpaka mwisho ikawa inachelewa nyuma ya midomo. Nifanyeje? Diski moja ibebe saa ngapi? Na nikimaliza, naweza kufuta faili za mwanzo ili nipate nafasi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Programu za kubofya mara moja zina kasoro moja kubwa: haziulizi faili ilitoka wapi. Zinachukua kila kitu, zinakivuta hadi ukubwa mmoja, zinakipa kasi moja, kisha zinakichoma. Wewe una faili za asili nne tofauti, na kila moja ina njia yake fupi ya kufika kwenye DVD. Kazi yako ni kuitafuta njia hiyo, kwa sababu kila mara video inapobanwa upya inapoteza kitu ambacho hakirudi.

Tuanze na masharti ya DVD yenyewe, maana deki haina huruma nayo. Picha iwe MPEG-2, au MPEG-1 kwa ukubwa mdogo. Mifumo ya televisheni inayotumika kwenye DVD ni miwili, PAL na NTSC. Kwa PAL vipimo vinavyokubalika ni pikseli 720x576, 704x576, 352x576 na 352x288, fremu 25 kwa sekunde. Kwa NTSC ni 720x480, 704x480, 352x480 na 352x240, fremu 29.97. Sauti iwe ya hezi 48,000, katika AC-3, PCM au MP2. Kasi ya picha isizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na picha na sauti kwa pamoja visizidi 10.08. Baada ya hapo vyote vipangwe ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, yenye faili za VOB zilizobeba picha na sauti, faili za IFO zinazoiambia deki nini kiko wapi, na BUP ambazo ni nakala za akiba za hizo IFO.

Hapo ndipo diski yako ya kwanza ilipokwama, nadhani. Mara nyingi diski inayokataliwa kabisa ni ile iliyochomwa kama diski ya data: AVI au MP4 imewekwa juu yake kama ilivyo, bila VIDEO_TS. Kompyuta inaicheza, deki inaitazama haioni kitu inachokijua. Ifungue kwenye kompyuta uangalie. Ukikuta AVI tupu, umepata jibu. Ukikuta VIDEO_TS iliyo kamili, basi shaka ihamie kwenye diski yenyewe: huenda haikufungwa baada ya kuchomwa (kazi ambayo programu huiita finalize), au deki haipendi aina hiyo. Deki za zamani kwa kawaida huvumilia DVD-R kuliko DVD+R. Kama una DVD+R tu, baadhi ya draivu za kuchomea zinaweza kuitambulisha kama DVD-ROM, na deki nyingi zikiona alama hiyo hukubali.

Hapa niseme jambo litakaloweza kukuokolea kazi yote. Angalia usoni mwa deki ya wazazi. Ikiwa ina tundu la USB na alama ya DivX, AVI zako za DivX na Xvid huenda zikacheza moja kwa moja kutoka kwenye flashi iliyoumbizwa kwa FAT32, bila kubanwa upya. Kuna masharti: faili isifike GB 4, na isiwe imetengenezwa kwa mbinu za Qpel au GMC, ambazo deki nyingi hazizimudu. Jaribu faili moja. Ikicheza vizuri, hizo ziache zilivyo, uhangaike na zilizobaki.

Sasa pakua MediaInfo, ni ya bure, na ufungue kila faili humo kabla ya kuigusa. Usiamini herufi za mwisho wa jina. AVI haikuambii kilichomo ndani. Inaweza kuwa DivX, Xvid, Motion JPEG ya kamera ya picha, Indeo ya enzi za kale, au DV ya kanda. Andika pembeni mambo matano: kodeki ya picha (yaani mbinu iliyotumika kuibana), ukubwa kwa pikseli, fremu kwa sekunde, aina ya sauti, na kama picha ni nzima au imegawanywa kwa mistari ya kupokezana. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuongoza hadi mwisho.

Kwa kubana natumia programu ya ffmpeg, kwa sababu inasoma karibu kila kodeki ya zamani, Indeo na RealMedia zikiwemo, bila kusakinisha vikorokoro. Usiogope mstari wa amri, utarudia amri zilezile chache. Ukiogopa kabisa, DVDStyler ina vitufe na inafanya mengi ya haya yenyewe. Nitaitaja tena chini. HandBrake weka kando. Ni programu nzuri, lakini inatoa MP4, MKV na WebM, haitengenezi DVD, na watu wengi wamepoteza usiku mzima kwa kutolijua hilo.

Faili za VCD ndizo rahisi kuliko zote, na ndizo programu ya kubofya mara moja inaziharibu bure. VCD ya PAL ni MPEG-1 ya 352x288 kwa fremu 25. Rudi juu kwenye masharti: ukubwa huo na kodeki hiyo vinaruhusiwa kwenye DVD. Kinachokosewa ni sauti tu, ambayo kwenye VCD ni hezi 44,100. Kwa hiyo picha tunainakili bila kuigusa, tunabadilisha sauti pekee:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -c:v copy -c:a mp2 -ar 48000 -b:a 224k -f dvd sherehe.mpg

Inamalizika kwa dakika chache na picha haijapoteza hata nukta. Na kwa kuwa VCD inatumia takriban megabiti 1.4 tu kwa sekunde, picha na sauti pamoja, diski moja ya DVD inabeba saa sita na zaidi za VCD. Ukizivuta hadi 720x576 unapata faili kubwa mara nne yenye vimraba vilevile, vimekuzwa. Ila kama ulicho nacho ni SVCD, njia hii haifai: ile ni MPEG-2 ya 480x576, ukubwa ambao DVD haiutambui, kwa hiyo hiyo lazima ibanwe upya.

AVI za DivX na Xvid ndizo zenye kazi, na ndipo sauti yako ilipoachwa nyuma.

Kuna kuchelewa kwa namna mbili na dawa zake ni tofauti. Namna ya kwanza sauti inachelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Namna ya pili, kama yako, inaanza sawa na kuachana polepole. Ili ujue ni ipi na ni kiasi gani, fungua faili kwenye VLC, kichezaji video cha bure, na utafute mahali penye tukio kali, kofi au mlango unaobamizwa, karibu na mwanzo. Bonyeza J kuiwahisha sauti au K kuichelewesha, kila mbofyo ni milisekunde 50, mpaka vikutane. Soma namba inayoonekana kwenye skrini. Rudia karibu na mwisho. Namba zikilingana, ni tofauti ya kudumu. Zikitofautiana, inaachana njiani.

Tofauti ya kudumu inatibiwa kwa kusogeza sauti. Kama VLC ilikuonyesha milisekunde -400:

ffmpeg -i zamani.avi -itsoffset -0.4 -i zamani.avi -map 0:v -map 1:a -target pal-dvd -aspect 4:3 -b:v 4800k -b:a 192k mpya.mpg

Kuachana polepole kwa kawaida kunatokana na MP3 ya kasi inayobadilika ndani ya AVI. AVI haikubuniwa kwa sauti ya namna hiyo, na programu zinazokisia muda kwa wastani wa kasi hukosea kidogo kidogo hadi kosa linakuwa sekunde. MediaInfo itakuonyesha kama kasi ya sauti inabadilika. Dawa ya kwanza ni kuifungua sauti yote iwe WAV kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu WAV haina cha kukisiwa:

ffmpeg -i zamani.avi -vn -ar 48000 sauti.wav

Kisha iunganishe na picha ya faili ya mwanzo kwenye amri ya kubana, ukitumia -map 0:v na -map 1:a kama hapo juu. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, kasoro ilikuwa tayari kwenye faili yenyewe: kompyuta iliyorekodi iliangusha fremu, picha ikawa fupi kuliko sauti. Hapo unakokotoa. Tuseme dakika ya 60 sauti inachelewa sekunde 3. Gawa 3,603 kwa 3,600, unapata 1.00083, kisha ongeza -af atempo=1.00083. Sauti itaharakishwa kidogo kiasi ambacho sikio halitambui. Ikiwa sauti inawahi badala ya kuchelewa, gawanya kinyume, 3,597 kwa 3,600. Lakini tazama vizuri kwanza: ikiwa sauti iko sawa kwa nusu saa kisha inaruka ghafla, fremu zimeanguka mahali pamoja, na hakuna hesabu ya kunyoosha itakayosaidia. Kata video hapo katika vipande viwili na usogeze kipande cha pili peke yake.

Nyuso nene sasa. DVD ina jambo linalowachanganya wengi: 720x576 ni ukubwa uleule, iwe picha ni ya 4:3 au ya 16:9. Kinachotofautisha ni alama ndani ya faili inayoiambia deki inyooshe picha kiasi gani. Video ya 4:3 ikipewa alama ya 16:9, watu wananenepa. Ya 16:9 ikipewa alama ya 4:3 bila mistari myeusi, wanarefuka. Kwa AVI ya 640x480 au 320x240 andika -aspect 4:3. Kwa 640x360 andika -aspect 16:9. Zile pana zaidi, kama 640x272, zinahitaji mistari myeusi juu na chini. Gawa upana kwa kimo, hapa 2.353, kisha gawa 1,024 kwa jibu hilo. Unapata 435, chukua namba shufwa iliyo karibu, 436. Mistari itagawana pikseli 140 zilizobaki hadi 576:

ffmpeg -i pana.avi -vf "scale=720:436,pad=720:576:0:70" -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 5000k -b:a 192k pana.mpg

Kabla ya kubana chochote upya kwa ajili ya nyuso, hata hivyo, ingia kwenye menyu ya mipangilio ya deki. Ikiwa deki imeambiwa televisheni ni ya 4:3 wakati wazazi wana skrini pana, au televisheni yenyewe imewekwa ivute kila picha ijaze skrini, nyuso zitanenepa hata kwa diski iliyotengenezwa kiwandani. Weka diski ya dukani uliyo na uhakika nayo. Ikinenepesha watu nayo, diski yako haina kosa.

Fremu kwa sekunde ni pale wengi wanapopitia mbio, na ndipo picha inapoanza kwenda kwa kukwama. Kanuni yangu ni kuchagua mfumo kwa kufuata faili, si kwa kufuata nchi. Faili ya fremu 25 au 12.5 iende PAL. Ya fremu 29.97, 30 au 15, kama zilivyo AVI nyingi za Motion JPEG kutoka kwenye kamera ndogo za picha, iende NTSC, kwa -target ntsc-dvd. Hapo kila fremu ya faili ya 15 inaonyeshwa mara mbili na kazi imekwisha, lakini ukiilazimisha PAL programu italazimika kurudia fremu bila mpangilio, na jicho litaona mtikisiko kila anayepigwa picha anapotembea. Deki nyingi na takriban televisheni zote bapa hukubali mifumo yote miwili, mradi mpangilio wa mfumo kwenye deki umewekwa wa kujichagulia wenyewe. Televisheni ya kioo cha mgongo ndiyo ya kujaribu kwanza, maana baadhi ya za PAL huonyesha NTSC bila rangi au picha ikizunguka. Diski moja iwe na mfumo mmoja, usichanganye.

Faili za fremu 23.976, ambazo ni za filamu, zina njia yake. Kwenye PAL mimi huziharakisha ziwe 25, picha na sauti kwa pamoja:

ffmpeg -i filamu.avi -vf "setpts=0.95904*PTS" -af atempo=1.04271 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 5000k -b:a 192k filamu.mpg

Filamu ya saa mbili inafupika kwa karibu dakika tano, na hakuna anayegundua. Televisheni za PAL zimeonyesha filamu za sinema hivyo kwa miongo.

Kanda za kamera ndizo hazina yako, zishughulikie kwa heshima. Kama zilikuwa MiniDV na zilinakiliwa kwa waya wa FireWire, kila saa moja inachukua kama GB 13, na picha yake kwa PAL tayari ni 720x576. Hakuna cha kukuza wala kupunguza. Picha hizi zimegawanywa: kila fremu ina nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti, mistari ya moja ikipokezana na ya nyingine. Ukisimamisha picha kwenye kompyuta, kitu kinachokimbia kinaonekana na meno pembeni kama chanuo, na watu wengi wakiyaona hukimbilia kuziunganisha nusu hizo. Usifanye hivyo. DVD inazijua nusu-fremu na televisheni inajua kuzionyesha. Ukiziunganisha unatupa nusu ya mwendo. Iambie ffmpeg izihifadhi:

ffmpeg -i kanda.avi -target pal-dvd -flags +ilme+ildct -aspect 4:3 -b:v 7000k -b:a 192k kanda.mpg

Jambo la kuchunga ni mpangilio. DV hutanguliza nusu ya chini, na baadhi ya programu hudhani ni ya juu. Zikipinduliwa, kila mwendo unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa kutetemeka, ingawa picha iliyotulia inaonekana safi. Kwa hiyo kabla ya kubana kanda nzima, toa dakika moja yenye watu wanaocheza au gari linalopita, ichome kwenye DVD-RW, diski inayofutika, uitazame kwenye televisheni halisi. Skrini ya kompyuta haitakuonyesha kosa hili. Na kamwe usibadilishe kimo cha picha iliyogawanywa bila kuziunganisha nusu kwanza, maana mistari ya nyakati mbili inachanganyika na hakuna cha kuitenganisha tena.

3GP hazina mengi. Nyingi za simu za awali ni 176x144 zenye sauti ya AMR ya hezi 8,000. Mara mbili yake kwa kila upande ni 352x288 kamili, ambao ni ukubwa halali wa PAL, kwa hiyo ongeza -s 352x288 baada ya -target pal-dvd na uipe megabiti 1.5. Ukiikuza zaidi ya hapo unakuza vimraba. Fremu zake ni chache na hazina mpangilio, hilo huwezi kulitibu. Ziunganishe fupifupi katika faili moja, la sivyo wazazi watachoka kurudi kwenye menyu kila sekunde 20.

Diski moja ibebe saa ngapi? Diski ya kawaida imeandikwa GB 4.7, lakini hiyo ni baiti bilioni 4.7, Windows inayoihesabu kwa vipimo vyake itakuambia 4.37, na ni diski ileile. Ukitoa nafasi ya mpangilio wa ndani, hesabu inakuwa rahisi: gawa 600 kwa idadi ya dakika, jibu ni megabiti kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Dakika 120 zinatoa 5. Toa 0.2 ya sauti, picha ibaki na 4.8. Dakika 90 zinatoa karibu 6.7. Dakika 60 zinatoa 10, lakini hapo simama kwenye 8, kwa sababu deki nyingi hukwama diski iliyochomwa nyumbani ikikaribia kikomo. Dakika 180 zinatoa 3.3, na kwa kasi hiyo 720x576 itaanza kuvunjika vimraba kila kamera ikizunguka. Heri 352x576, ambayo ina nusu ya pikseli za kulisha. Kwa kanda za kamera zinazotikisika mkononi sipitishi dakika 90. Kwa AVI za DivX zilizokuwa MB 700 naweza kufika saa mbili na nusu, maana hazina undani mwingi wa kupoteza.

Usishangae pia MB 700 za DivX zikigeuka GB 4. MPEG-2 ni kodeki ya zamani, inahitaji biti mara mbili hadi tatu kuonyesha kile ambacho DivX ilionyesha kwa chache. Picha haijawa bora, imebadilishwa lugha tu.

Faili zote za MPG zikishakuwa tayari, zipange. Kwenye DVDStyler anza mradi mpya, chagua PAL au NTSC, ziburute ndani, kisha kwenye sifa za kila video chagua kunakili badala ya kubana, la sivyo itabana upya kazi uliyokwisha kuifanya. Menyu iwe nyepesi: herufi kubwa, vitufe vichache, na maandishi yakae mbali na kingo kwa sababu televisheni za zamani hukata kingo za picha. Weka alama za sura (chapter) kila dakika tano, ili kitufe cha kuruka kwenye rimoti kiwe na maana. Kwa mstari wa amri, bila menyu, ni hivi:

export VIDEO_FORMAT=PAL
dvdauthor -o DISKI -t -c 0,5:00,10:00,15:00 kanda.mpg
dvdauthor -o DISKI -T
genisoimage -dvd-video -V FAMILIA -o familia.iso DISKI

familia.iso ni diski nzima ndani ya faili moja. Ifungue kwenye VLC na uitazame mwanzo, katikati na mwisho. Kosa la hapa halikugharimu diski. Ndipo uchome, kwa ImgBurn kwenye Windows au K3b kwenye Linux, kwa kasi ya 4x au 8x, ukiwa umeweka alama ya kuthibitisha baada ya kuchoma. Nunua diski za jina linaloaminika, na usizibandike karatasi: stika isiyokaa katikati inaiyumbisha diski inapozunguka, na gundi yake ikichakaa ni balaa. Andika kwa kalamu laini ya wino, si ya ncha ngumu.

Ikicheza kisha ikakwama, tazama inakwama wapi. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Kukwama mwishoni mwa diski, hata penye mazungumzo tulivu, ni ishara ya diski duni au kasi kubwa ya kuchoma. Kukwama penye purukushani popote pale ni kasi ya biti inayopanda kupita uwezo wa deki. Ongeza -maxrate 8000k kwenye amri ya kubana. Kukwama kila mahali, na kwa diski za dukani pia, ni lenzi yenye vumbi.

Kuhusu kufuta: usifute. DVD unayotengeneza ni nakala iliyobanwa mara moja zaidi kuliko faili uliyonayo, isipokuwa zile za VCD, na diski za kuchoma hufa bila taarifa, hasa zikikaa juani. Nunua diski kuu ya nje uhamishie faili za mwanzo humo, pamoja na zile ISO; diski ya wazazi ikikwaruzwa, utachoma nyingine kwa robo saa bila kubana chochote. Kama nafasi ni finyu kweli, futa MPG za katikati, kwa sababu zimo ndani ya ISO. DV za kanda ziwe za mwisho kabisa kufikiriwa, hata kama ndizo zinazokula nafasi kuliko zote, na kanda zenyewe usizirekodi juu yake.